Usingizi wa Namcheja

Kiondo Mnzava hakuwa na kompyuta. Hakuwa na ile miwani ya kuongea ambayo hata wachunga mbuzi wa tambarare walikuwa wakiivaa siku hizo. Hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na mtoto, hakuwa na subira. Na ingawa kabati lake lilikuwa na sahani sita na vikombe sita, hakuwa na mtu wa kunywa naye chai. Hili la mwisho ndilo lililomtesa. Kwa miaka saba mkono wake ulikuwa ukimimina vikombe viwili kila alfajiri kwa mazoea tu. Kimoja alikinywa, cha pili akakimwaga chini ya mgomba ulio nyuma ya jiko, na mgomba ule, kwa kushiba chai ya tangawizi, ulikuwa umenenepa kuliko migomba yote ya kijiji cha Mamba.

Mkewe Namcheja alikuwa amelala. Alikuwa amelala ndani ya chombo kilichoitwa Ndiva, jina la yale mabwawa ambayo wazee wa Upare waliyachimba ili maji yatulie humo usiku kucha yakisubiri mashamba. Chombo hicho kilikuwa mbali kiasi kwamba salamu iliyotumwa kwa mwendo wa mwanga ilichukua dakika sabini kukifikia. Kilibeba watu arobaini, wote usingizini katika vitanda vya maji baridi, kuelekea kwenye mwezi mmoja wa sayari ya Zohali, ili wajaribu kama udongo wa huko unaweza kufundishwa kuotesha chakula. Namcheja alikuwa bingwa wa udongo. Safari ilikuwa ya miaka kumi na miwili, kwenda tu.

Chini ya kila kitanda palikuwa na mashine ndogo iliyohesabu mapigo ya moyo ya aliyelala na kunasa maneno aliyoyasema ndotoni. Kila msafiri aliruhusiwa kumwachia mtu mmoja duniani haki ya kuingia katika mashine hiyo na kusoma. Namcheja alimwachia mumewe. Kiondo akakataa.

"Mimi nimekuwa karani wa posta miaka thelathini na moja," alimwambia kila aliyemuuliza, "na sijawahi kufungua barua ya mtu. Leo nikachungulie ndoto za mke wangu?"

Kiburi hicho kilisimama wima miaka saba. Mwaka wa nane, asubuhi moja ya baridi, alimimina vikombe viwili, akaviangalia vikifuka moshi sambamba, na kiburi kikakaa chini. Akavaa koti, akateremka hadi ofisi ya ushirika wa tangawizi, kwa shemeji yake Nakiete.

*

Nakiete alikuwa mdogo wake Namcheja, katibu wa ushirika, na mwanamke ambaye Mungu alimpa ulimi bila kumpa kifuniko.

"Kaa, shemeji. Kompyuta haiumi."

"Nimekaa ofisini kabla wewe hujajua kujifunga kanga."

"Ofisini ulikuwa unapiga mihuri. Hapa hakuna wino, utachafua nini?"

Kiondo akakaa, amenyooka kama aliyeitwa na mkaguzi. Nakiete akaandika neno moja, ssh-keygen, akabonyeza, na mashine ikatulia kidogo kama mtu anayefikiri, kisha ikatoa faili mbili.

"Hongera, umepata mapacha," Nakiete akasema. "Huyu ni ufunguo. Huyu ni kufuli lake. Kufuli unaweza kumpa hata mwizi, atalifanyia nini? Tutalituma kwa mlinzi wa milango kule Itigi, kwenye mnara unaozungumza na chombo, naye atalitundika kwenye kitanda cha dada. Ufunguo unabaki kwako, asiuone mtu. Siku ukibisha hodi, mashine ya dada italitazama kufuli, itakutungia fumbo ambalo mwenye ufunguo peke yake analiweza. Ukilifumbua, karibu ndani."

"Na nenosiri?"

"Maneno ya siri yalikufa zamani, shemeji. Mtu akilisikia neno lako, ni lake."

Kiondo akainamisha kichwa kwa heshima. Alipenda mlango usioamini maneno. Ile miaka ambayo sauti na sura ya mtu yeyote iliweza kughushiwa kwa muda wa kukohoa, aliishuhudia yeye mwenyewe: akina mama waliwatumia wana wao vitu, na wana wale hawakuwa wana. Ndiyo maana sheria ilirudisha karatasi. Kufuli jipya halikuruhusiwa kupita mtandaoni. Lilitakiwa kuandikwa kwa mkono, kutiwa ndani ya bahasha yenye lakiri na kubebwa na tarishi aliyeapishwa. Posta ambayo Kiondo aliizika kwa machozi alipostaafu ilikuwa imefufuka.

Nakiete akachapa zote mbili, moja ya kunakili na kutuma, nyingine ya kuhifadhi sandukuni.

Nyumbani, Kiondo aliziweka karatasi mezani zikatazamana. Kufuli lilikuwa mstari mmoja tu. Ufunguo ulikuwa mistari saba iliyojaa, mizuri kuitazama. Naye alikuwa amelelewa na mama ambaye hakuwahi kwenda kwa watu na kifurushi kidogo. Kwao, mgeni aliyefika na kikapu kisichojaa aliambiwa karibu kwa mdomo tu. Mtu unaomba ufunguliwe mlango wa mkeo, halafu unapeleka mstari mmoja? Akaona aibu. Akainakili ile mistari saba kwa mwandiko wake wa kikarani, akaifunga, akaituma.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu.

"Mzee Mnzava, shikamoo. Ulichonitumia si kufuli, ni ufunguo wenyewe. Kuanzia siku hiyo mimi ningeweza kuingia kwa mkeo kwa jina lako na kusoma kila alichokiota. Nimeuchoma mbele ya mashahidi wawili na majivu nimeyamwagia maji. Tengeneza jozi mpya. Kinachotumwa ni kile kifupi. Wako katika kazi, Ng'washi Lubinza, mlinzi wa milango, Mnara wa Itigi."

Nakiete aliisoma mara mbili, kisha akalaza kichwa mezani, mabega yakitikisika.

"Unalia?" Kiondo akauliza.

"Shemeji," akasema alipopata pumzi, "umepeleka posa kwa kumkabidhi mshenga bibi harusi!"

"Nilitaka kupeleka kilicho kizito."

"Najua." Akafuta macho. "Dada angecheka mpaka akae chini."

Hapo kila mmoja akakisikia kicheko kile kwa namna yake.

*

Kufuli la pili, lile fupi, lilitundikwa. Taarifa ilipofika, Nakiete alimfungulia shemeji yake ofisi Jumapili moja, saa kumi na mbili asubuhi, kabla kengele ya kanisa haijalia. Kiondo mwenyewe akaandika amri kwa kidole kimoja, akabonyeza.

Mashine ikakataa papo hapo. Ufunguo huu, ilisema, unasomeka na kila mtumiaji wa kompyuta hii. Siwezi kuutumia.

"Ina kiburi kama wewe," Nakiete akasema. "Humu ndani faili zote ziko wazi kwa wanachama wote, ndiyo desturi ya ushirika. Ila ufunguo si tangawizi." Akaandika maneno mawili matatu, faili ikafungwa isisomwe na mwingine ila Kiondo. "Haya, bisha tena."

Akabisha. Halafu hakukuwa na la kufanya ila kusubiri, kwa sababu mashine mbili zisizojuana haziingii tu kwenye mazungumzo. Moja husema mimi ni fulani, natumia lugha hizi. Nyingine hujibu nami ni fulani. Hupatana namna ya kuficha maneno yao, ndipo huulizana habari za ndani. Kila neno lilikwenda dakika sabini na jibu lake likarudi dakika sabini. Nakiete alikwenda kanisani, akarudi, akapika makande, wakala. Kiondo hakuchoka.

"Hawa wana adabu," alisema. "Wanasalimiana kama watu wa zamani."

Mchana ulipokuwa umeelemea upande wa pili, kioo kikaandika: Sijawahi kuonana nawe. Hii ndiyo sura yangu. Je, unanikubali? Chini yake kukatokea kisanduku cha nukta, misalaba na viduara, vimetawanyika kama nyayo za kuku aliyepotea.

"Tukubali?" Kiondo akauliza, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe.

Nakiete akamkamata mkono. "Utakubali mtu usiyemjua? Sura hii lazima ulinganishe na ile uliyopewa ana kwa ana. Vinginevyo aliyekaa katikati ya njia anaweza kujifanya yeye ndiye dada. Shirika lenye chombo halikukupa sura ya mashine yake?"

"Halikunipa kitu."

"Dada je?"

"Dada yako aliniachia nyumba, jembe na vitambaa vya viti." Akasita. "Vitambaa vitatu vyenye maua, na kimoja... Kile kimoja alikifuma wiki ya mwisho. Nilimwambia kimeharibika, hakina ua wala mpangilio. Akasema, hicho ukiweke kwenye kiti chako wewe, usikifue kwa jiki."

Walitazamana. Kiondo, mwenye miaka sabini na mmoja, aliupanda mlima mbio.

Kitambaa kilikuwa pale pale kwenye mgongo wa kiti, palipochakaa kwa kisogo chake. Alikileta ofisini, akakitandaza kando ya kioo. Upana vishimo kumi na saba, urefu tisa. Nakiete alisoma kioo, Kiondo akafuata kwa kidole juu ya uzi, nukta kwa fundo, msalaba kwa msalaba. Miaka saba alikuwa ameegemeza kichwa juu ya sura ya mlango wa mkewe na hakujua. Namcheja alijua kwamba mumewe atakataa, na alijua kwamba siku moja atakuja. Akamfumia.

Fundo la mwisho lilipolingana, Kiondo hakuweza kuandika. Nakiete ndiye aliyemwandikia: ndiyo.

Saa kumi na mbili jioni mlango ulifunguka, na ukurasa mmoja ukashuka. Jina: Namcheja Mnzava. Mapigo ya moyo wakati wa usingizi: manne kwa dakika. Mapigo ya moyo wakati mlango unafunguliwa: kumi na tisa. Maneno: hakuna.

"Kumi na tisa," Kiondo alisema polepole. "Umeona? Amenisikia."

*

Jumapili ya pili alikwenda peke yake, akiwa na ufunguo wa ofisi mfukoni. Mashine zilikuwa zimeshajuana, kwa hiyo salamu zilikuwa fupi zaidi. Mapigo: ishirini na mawili. Maneno: Kiondo.

Jina lake, limeandikwa na mashine iliyo karibu na Zohali. Alilisoma mpaka kioo kikajizima chenyewe. Wiki ile alitembea kijijini kama kijana aliyekubaliwa. Alinyoa ndevu. Aliimba akichota maji. Kila alfajiri alipomimina vikombe viwili hakumwaga cha pili. Alikiacha mezani kipoe, kwani nani ajuaye?

Jumapili ya tatu ukurasa ulikuja na maneno mengi zaidi. Mapigo: ishirini na sita. Maneno: Bado, Kiondo. Niache kidogo.

Kiondo alicheka kwa sauti, peke yake, katika ofisi iliyonuka tangawizi kavu. Aliyajua maneno hayo kama anavyoijua harufu ya blanketi lake. Namcheja alipenda usingizi kuliko wali. Lakini karani wa posta huamka saa kumi na moja, na Kiondo hakuweza kunywa chai bila mtu. Kwa miaka ishirini na tisa ya ndoa alikuwa akija na kikombe, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika wayo wake na kuutikisa. Naye kila siku, bila kufumbua macho: Bado, Kiondo. Niache kidogo. Na kila siku hakumwacha. Namcheja aliamka, akajifunga kanga, akaja kukaa naye macho yakiwa mekundu, kwa sababu alimpenda.

Kicheko kilikatika. Mazoea ya karani yalimfanya autazame ukurasa wote, hadi ile mistari midogo ya chini ambayo wiki mbili zilizopita aliiruka. Akiba ya mwili: siku elfu moja mia sita ishirini na mbili. Safari iliyobaki: siku elfu moja mia tano tisini na sita. Akatoa kurasa za Jumapili mbili zilizopita, alizozichapa na kuzikunja kifuani. Wiki ya kwanza akiba ilizidi safari kwa siku hamsini na mbili. Wiki ya pili, thelathini na tisa. Leo, ishirini na sita.

Alihesabu mara tatu. Kila alipobisha, mashine iliyo chini ya kitanda iliamka kumjibu. Ikiamka ilipata joto. Joto lilipanda kwenye maji yaliyomzunguka Namcheja, na mwili wake, uliokuwa ukijilisha kwa vijiko vya akiba, ulikula kwa pakacha. Hodi moja ilimla siku kumi na tatu. Hodi ya leo ilikuwa bado haijatolewa kwenye hesabu ya ukurasa: ukiitoa, zilibaki kumi na tatu. Akibisha mara moja tena, hakutakuwa na ziada hata ya siku moja. Akibisha mara mbili, Namcheja ataamka kabla chombo hakijafika, mahali pasipo na udongo wala mtu.

Hakuwa amemsikia kwa furaha. Alikuwa ameshikwa wayo.

*

"Jumapili hii ni zamu yangu," Nakiete alisema Jumanne, akiwa amesimama mlangoni kwa Kiondo, mikono kiunoni. "Umemfanya dada kuwa mali yako peke yako. Mchungaji ananiuliza kama umehamia dini nyingine. Mimi nilimbeba mgongoni? Hapana. Yeye ndiye aliyenibeba. Nataka kuliona jina langu likitoka kinywani mwake, mara moja tu."

"Kaa, shemeji."

"Sikai. Nipe ufunguo wa ofisi."

Kiondo alijua kwamba mara moja tu inawezekana. Siku kumi na tatu zilikuwepo, na hesabu ingetoka sawasawa. Alijua pia kwamba akimruhusu Nakiete, yeye mwenyewe atakaa pembeni, na ukurasa utashuka, na Jumapili itakayofuata hatajiweza. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema mashine imeharibika, nani angemjua? Badala yake alitandaza kurasa tatu mezani, akaweka kidole kwenye mistari midogo, akamwonyesha.

Nakiete alikuwa mwepesi wa hesabu. Alisoma, akavuta kiti, akakaa kwenye kile chenye kitambaa.

"Shirika halikusema."

"Limeandika mlango utumike kwa kiasi. Nani ajuaye kiasi cha mtu?"

"Kwa hiyo imebaki moja."

"Imebaki moja."

Nje, mgomba ulipigapiga majani.

"Ungeweza kuniambia zimekwisha," Nakiete akasema.

"Ningeweza."

"Soma alichosema. Kwa sauti yake, si kwa sauti yako ya posta."

Kiondo akafumba macho, akasema kwa uvivu, nusu ya maneno yakizama kwenye mto: "Bado, Kiondo. Niache kidogo."

Nakiete alicheka na kulia kwa pamoja. "Ndiye. Ndiye huyo huyo. Asubuhi za shule nilimwagiwa maji kwa kumwamsha." Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Basi tusibishe. Chukua ule ufunguo tuuchome."

"Haitoshi," Kiondo alisema. "Nikiuchoma nitajuta. Nakala iko sandukuni, na hata hiyo nikiichoma, nitamwandikia Bi. Ng'washi atundike kufuli jipya, na atalitundika, kwa sababu haki ni yangu. Mimi sikuwahi kumwacha alale, shemeji. Hata siku moja. Kufuli lenyewe lazima litoke, na haki nayo."

"Na kulitoa hakumwamshi?"

"Kazi za mlinzi huenda pamoja na salamu za usukani wa chombo. Hazigusi vitanda. Nimesoma maelekezo ya shirika."

"Miaka minne na miezi, Kiondo." Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Utakuwa na sabini na sita."

"Nitakuwa na sabini na sita."

Nakiete akaenda jikoni, akarudi na wino.

*

Aliandika asubuhi ya Jumatano, tarishi akiwa amekwisha kuonekana kwenye kona ya chini, pikipiki yake ikipanda bila mlio.

"Bi. Ng'washi Lubinza, salaam. Mimi ni yule mzee aliyekutumia ufunguo. Nakuomba ulitoe kufuli langu kwenye kitanda cha mke wangu Namcheja, mstari wote, usibakize herufi. Naiacha pia haki yangu ya kuingia. Nikikuandikia tena kuomba uirudishe, hata nikilia, hata nikisema naumwa, usinisikilize mpaka chombo kitue. Waonye na wenye milango mingine waisome ile mistari midogo ya chini. Mke wangu hana kosa lolote. Amechoka tu, na safari ni ndefu. Atakapoamka mwenyewe, kwa wakati wake, mwambie kitambaa nilikitambua. Wako, K. Mnzava, karani mstaafu."

Akaikunja mara tatu. Akawasha mshumaa, akashika kijiti cha lakiri juu ya ulimi wa moto mpaka tone jekundu likaanguka kwenye mkunjo wa bahasha, kisha akaligandamiza kwa muhuri wa shaba aliopewa siku ya kustaafu. Alihesabu hadi kumi, kama alivyofundishwa, ndipo akaunyanyua.

Tarishi alipiga saini, akaitia bahasha mkobani. "Ni ya haraka, Mzee?"

Kiondo aliutazama mlima, akakitazama kikombe kimoja kilichokuwa mezani.

"Si ya haraka sana," alisema. "Lakini ifike kabla ya Jumapili."